Kompyuta Haikumbuki Mtu

Hapana shaka wengi wenu mmepata kubonyeza nyota 150 nyota 00 reli ili kutuma fedha au kutazama salio. Menyu huja, nawe huchagua 1, kisha hutaja namba, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Mambo huenda kama mazungumzo ya watu wawili walioketi barazani: huyu auliza, yule ajibu, wala hakuna anayesahau lililosemwa mwanzo. Mimi nalidhani ndivyo zilivyo kompyuta zote, mpaka nilipojiunga na chama cha kompyuta cha shule yetu nikiwa Kidato cha Tano. Huko niliambiwa jambo ambalo halikuniingia akilini upesi, ya kwamba seva, yaani kompyuta inayojibu maombi ya mtandao, kwa tabia yake haimkumbuki mtu. Ukiiomba ukurasa ikakupa, imekwisha kukusahau. Ukirudi baada ya sekunde mbili, wewe ni mgeni.

Tabia hii ilizaliwa pamoja na mtandao wenyewe. Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alitoa shauri lake la mtandao mwaka 1989. Kanuni ya mazungumzo aliyoitunga, iitwayo HTTP, ilikuwa nyepesi sana: ombi moja, jibu moja, kwaheri. Kwa watu waliotaka kusomeana maandishi ya sayansi, hiyo ilitosha kabisa. Tena ina faida yake, kwani seva isiyobeba habari za watu haielemewi upesi. Kuwahudumia watu elfu ni sawa na kumhudumia mtu mmoja mara elfu. Lakini mtu akitaka kufungua duka katika mtandao huo atafanyaje? Mteja ataweka sukari kapuni, akigeuka kuchukua chumvi, kapu ni tupu na muuzaji amuuliza, "Wewe nani?"

Mwalimu wetu alitufahamisha dawa yake kwa mfano wa kliniki ya watoto, na mfano huo umenikaa hata leo. Muuguzi huona watoto wengi mno kwa siku moja. Hawezi kukumbuka kwamba mtoto wa fulani mwezi uliopita alikuwa na kilo 6 na nusu. Wala hahitaji, maana mama huja na kadi. Muuguzi huisoma, huandika ndani yake, humrudishia mama. Kinachokumbuka ni kadi, na anayeibeba ni mama. Mwaka 1994 kijana mmoja wa Marekani, Lou Montulli, aliyekuwa katika kampuni ya Netscape, aliuleta mpango wa namna hiyo hiyo katika mtandao. Kampuni moja ilitaka duka la mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe habari za manunuzi yasiyokwisha. Basi Montulli akafanya seva impe mgeni kijikaratasi, na kivinjari cha mgeni kikionyeshe kila kinaporudi. Kwa Kiswahili chetu kijikaratasi hicho siku hizi huitwa kidakuzi.

Lakini kadi ziko za aina mbili. Iko kadi ya kliniki iliyoandikwa kila kitu, uzito, chanjo na tarehe. Na iko kadi ya hospitali kubwa, ambayo haina ila namba; ugonjwa wako umo katika faili, na faili limo kabatini. Ukipoteza ya kwanza umepoteza habari zako. Ukipoteza ya pili faili lipo, ila kulitafuta ni kazi. Watengenezaji wa programu kwa lugha ya Python nao wana njia hizo mbili. Wanaotumia Flask kwa kawaida huandika habari katika kidakuzi chenyewe, kisha seva huitia sahihi kwa ufunguo wake wa siri. Mwenye nacho aweza kusoma kilichomo, lakini akibadili herufi moja sahihi haikubali, nacho hukataliwa. Wanaotumia Django kwa kawaida huweka faili katika kabati la seva, na kidakuzi huwa na namba tu, ndefu na isiyobashirika. Namba hiyo hudumu wiki mbili, mwenye programu asipoamuru vingine.

Hapa nataka kuwaambia wazazi na wanafunzi wenzangu neno moja nje ya safari. Seva humtambua mwenye kidakuzi, si mwenye uso. Kwa hiyo ukienda katika banda la intaneti kujaza maombi ya chuo, ukaondoka bila kubonyeza neno la kutoka, anayeketi baada yako aweza kuwa wewe. Dada yangu mmoja alikuta fomu ya mtu asiyemjua imefunguka mbele yake, na jina la mtu huyo, na alama zake zote za mtihani.

Narudi katika chama chetu. Python ni lugha iliyotungwa na Mholanzi Guido van Rossum, ikatolewa kwa watu mwaka 1991, na wanaoanza huipenda kwa kuwa yasomeka. Mwalimu alitengeneza duka la maandazi katika kompyuta moja ya maabara, bila intaneti, waya tu wa kuziunganisha. Lilikuwa na mlango wa kuweka maandazi kapuni na mlango wa kutazama kapu. Sisi tukaamriwa kuandika programu ya mteja, tukitumia maktaba iitwayo requests. Kwanza alitutaka tubishe hodi mara mbili bila kadi: ombi la kuweka maandazi 5, kisha ombi la kutazama kapu. Jibu lilikuwa, "Kapu lako ni tupu." Maandazi 5 yalikuwa yamewekwa katika kapu la mgeni ambaye hakurudi tena. Kisha akatuandikia ubaoni mstari mmoja mfupi:

s = requests.Session()

Kuanzia hapo kila ombi likapitia kwa huyo s. Kazi yake ni kama ya mtoto mwaminifu aliyetumwa dukani: akipewa risiti haitupi, huitia mfukoni, na akirudishwa huionyesha bila kukumbushwa. Tena hauachi mlango ukafungwa kila mara, bali huutumia ule ule ulio wazi kama seva imeridhia, na kwa hiyo kazi huenda upesi zaidi. Tukauliza kapu mara ya pili, nalo likajibu: maandazi 5. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yamekwenda mbali, katika mambo ya mama yangu mdogo.

Mama mdogo analima mwani katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkinga, upande wa barabara iendayo Horohoro. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kisha kikafika pwani ya bara. Ni kazi ya wanawake zaidi. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wao huingia na kamba na vigingi, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Wakati wa maji mafu hapana wanachoweza. Mwani ukikauka huuzwa kwa kilo, nao huenda nchi za mbali kutiwa katika dawa za meno na vyakula ili viwe vizito. Kikundi cha mama mdogo kina wanawake 17. Kila mmoja hupimiwa mwani wake, katibu huandika katika daftari, na mnunuzi akija huchukua wote kwa pamoja. Fedha hugawanywa kwa kufuata daftari.

Msimu mmoja daftari lile liliingia maji, likakaushwa juani, na baadhi ya kurasa zikafutika wino. Kilo 38 za mama mdogo hazikuonekana. Yeye alizitaja kwa tarehe, katibu naye akasema hakumbuki, na katibu ni mtu mwema, sidhani alisema uongo. Lakini fedha zile zilikuwa za godoro langu na sanduku la bweni. Nalikwenda shule na godoro la kuazima. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba wanawake wawili waliokuwa wakisukana nywele tangu usichana walipitana njiani msimu mzima bila kusalimiana, na kikundi kikagawanyika, hawa upande huu na hawa upande huu.

Nilimweleza mwalimu habari hii. Akaniuliza wanawake wale wana simu gani. Nikamwambia ni vitochi, vya vitufe, visivyo na intaneti. Akasema hivyo vyafaa sana.

Nami sikujua wakati ule kwamba nyuma ya menyu za nyota na reli yaweza kuwapo seva ya HTTP kama ile ya maandazi. Mtandao wa simu hushika mazungumzo na mwenye simu, lakini kila anapojibu, jibu lake laweza kupelekwa kama ombi moja la HTTP kwa programu ya mtu yeyote aliyeandikishwa. Iko kampuni ya Nairobi iitwayo Africa's Talking, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo hufanya kazi hiyo ya tarishi, nayo huwapa wanaojifunza simu ya kuigiza katika kivinjari ili wajaribu bila gharama. Kila ombi linalofika lina namba ya kikao, namba ya simu, na maneno yote aliyokwisha kubonyeza mtu tangu mwanzo, yameunganishwa kwa nyota. Programu hujibu kwa maandishi matupu. Jibu likianza na herufi CON, mazungumzo yaendelea. Likianza na END, yamekwisha.

Basi tukaandika. Mama akipiga namba, maneno ni matupu, nasi twamwuliza: 1 kuandika mwani, 2 kutazama hesabu. Akichagua 1, ombi la pili laja na "1", nasi twamwuliza namba ya siri. Akijibu, laja "1*4821". Twamwuliza kilo, laja "1*4821*12". Mtaona kwamba hii ni kadi ya aina ya kwanza, ile iliyoandikwa kila kitu, isipokuwa hapa anayeiandika na kuibeba ni tarishi. Programu yetu yaweza kusahau yote, ikasoma maneno yale kila mara kutoka mwanzo, ikajua imefika wapi. Kwa siku mbili tuliona kazi imekwisha.

Lakini mtandao wa simu haungoji. Mtu akikawia kujibu, kikao hukatwa. Na kule kijijini hata asipokawia, upepo wa kusi ukivuma pengine hukatwa tu. Mama akipiga tena huja na namba mpya ya kikao na maneno matupu. Kadi ya zamani imezama baharini. Kwa hiyo tuliazimia kuweka na faili kabatini: kila anapojibu, programu iandike pembeni kwamba wa namba fulani ya simu alikuwa amefika kilo 12, hajathibitisha. Akirudi aulizwe, "Uliacha kilo 12. 1 endelea, 2 futa."

Hapo ndipo fundo lilipokazana. Kama mama amerudi, akajibu 1, maneno yatakuwa "1*4821*1". Je, hiyo 1 ya mwisho maana yake "endelea", ama maana yake kilo moja? Maneno yenyewe hayasemi. Jibu halina maana bila swali, na swali liliulizwa na programu ambayo imekwisha kusahau kwamba iliuliza. Tulikaa na jambo hili Jumamosi nzima, tukakosa mpira. Mwisho tukafanya hivi: kila tunapotuma swali, twaandika kabatini, chini ya namba ya kikao, ni swali gani tulilouliza. Ombi likija, twafungua kwanza faili la kikao hicho, twasoma swali, ndipo twafasiri jibu. Hivyo tukawa na kumbukumbu mbili zisizochanganyika. Namba ya kikao yakumbuka mazungumzo, nayo hufa mazungumzo yanapokufa. Kumbukumbu ya pili yamkumbuka mtu.

Na mtu ni nani? Sisi tulisema mtu ni namba ya simu. Lakini kabla hatujaandika sehemu hiyo, nilipokwenda nyumbani kwa ruhusa ya siku mbili, nilimweleza mama mdogo mpango wetu. Alikuwa akianika mwani juu ya chanja. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe mwana, mimi na shangazi yako na Bi mkubwa wa nyumba ya pili tuna simu moja. Sasa kilo za nani zitakuwa za nani?" Sikuwa na la kumjibu. Katika kikundi kile wanawake 17 wana simu 9. Mitambo ya mjini hudhani kila mtu ana simu yake, kama vile kila mtu ana kichwa chake. Kwetu simu ni kama kinu, huazimwa.

Kwa sababu ya swali lile, namba ya siri ikapata kazi nyingine. Mwanzoni ilikuwa kufuli tu. Sasa ndiyo inayotenganisha watu watatu wenye simu moja, na kabati letu limepangwa kwa namba ya simu pamoja na namba ya siri. Yatubidi kuhakikisha wawili wa simu moja hawachagui namba ya siri iliyo sawa, na ya kila mmoja haihifadhiwi kama ilivyo bali huvurugwa kwanza, ili hata mimi niliyeandika programu nisiweze kuisoma.

Juu ya kabati lenyewe, mwalimu alitufanyia jambo ambalo hatukulitazamia. Alikuwa ametuamuru tuanze kwa kuweka kumbukumbu zote katika kamusi ya Python, yaani katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, tena akatusifu kwa usafi wa kazi. Siku ya kumwonyesha, katikati ya mazungumzo, mwanafunzi mmoja akiwa amebonyeza kilo 40, mwalimu aliinama akachomoa waya wa umeme ukutani. Chumba kikanyamaza. Akasema, "Sasa washeni, mniambie kilo zangu ziko wapi." Hazikuwapo. Tangu siku hiyo kila swali na kila kilo huandikwa katika SQLite, hifadhidata ndogo ambayo Python huja nayo bila kuombwa, na ambayo huandika kwenye diski kabla ya kusema imeandika. Mwalimu alichomoa waya mara nne zaidi katika muhula ule, na mara zote nne kilo zilikuwapo.

Wako watakaouliza: mtu akijiandikia kilo mwenyewe, nini kitamzuia kuandika za uongo? Hilo wanawake walilimaliza wenyewe kwa dakika tano. Kilo hazihesabiwi mpaka katibu, aliyekuwapo mizanini, aingie kwa namba yake ya siri na kuzithibitisha.

Likizo ya Desemba nilikwenda na simu kubwa ya kaka yangu, nikafungua ile simu ya kuigiza katika kivinjari, nao wakaijaribu chini ya mkungu mmoja mmoja. Programu yenyewe mwalimu alikuwa ameiweka kwenye seva ya mbali isiyolipiwa. Mama mmoja alibonyeza ndiyo, intaneti ikapotea kabla jibu halijarudi, naye akaniambia, "Sasa nikiandika tena si zitakuwa mara mbili?" Nilifurahi, kwani hilo tulikuwa tumeliwekea akiba. Alipoingia upya, jambo la kwanza aliloliona lilikuwa: "Leo saa 4:10 umeandika kilo 9. Katibu bado." Akasoma kwa sauti, kisha akampa simu jirani yake asome naye.

Yule katibu alikuja wa mwisho. Nilimwamkia, akaitika, akashika simu kwa mikono miwili. Alichagua 2, kutazama hesabu, akaandika namba yake ya siri huku amenipa mgongo. Aliona majina na kilo za siku ile, mstari kwa mstari. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake. Katibu akasema bila kugeuka, "Zako hizi hapa, kumi na mbili." Mama mdogo akasema, "Nimeziona."

Mpaka naandika haya, kikundi hakijalipia namba yake ya nyota na reli, maana namba hiyo ina ada ya kila mwezi na msimu huu mwani ulipata ugonjwa wa kuwa mweupe na kukatika. Wamekubaliana kuchanga kidogo kidogo kutoka kila mauzo. Daftari bado latumika, na sasa hukaa katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mwalimu ametuambia muhula ujao tutajaribu itakuwaje wanawake wawili wa simu mbili wakibonyeza ndiyo katika sekunde ile ile, na amekataa kutuambia jibu.